Sura ya Tano: Ukiuliza Simba, Utajibiwa Nguruwe

Mtafiti anayefika Chunyu kuuliza habari za simba ajiandae kusikiliza habari za nguruwe. Atauliza simba walipita lini, walikuwa wangapi, walitokea upande gani. Mwenyeji wake atamkaribisha, atampa kigoda, kisha ataanza kumweleza jinsi nguruwe pori walivyofukua muhogo, walivyoyalaza mahindi, walivyomaliza njugu kabla hazijakomaa. Mgeni mwenye haraka atadhani mzee hajalielewa swali. Atamkatiza kwa adabu, amrudishe kwenye simba. Kwa kufanya hivyo atakuwa amelitupa jibu alilolifuata.

Chunyu ni kata ya Wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, katika nchi ya Wamwera inayoendelea hadi Nachingwea. Mvua huko ni ya msimu mmoja. Kifuku huanza Novemba au Desemba, na ikifika Mei kimekwisha. Katika miezi hiyo michache mtu alime, apande, apalilie na alinde chakula cha mwaka mzima: mahindi, mtama, muhogo, mbaazi, njugu. Ufuta na korosho ni vya kuuza. Mahindi yakianza kubeba, familia nyingi huhama nyumbani na kwenda kuishi shambani mpaka mavuno. Wenye nguvu hujenga dungu lililoinuliwa juu ya nguzo. Wengine hulala katika kibanda cha chini ambacho ukuta wake ni mabua na mlango wake ni kipande cha mkeka. Usiku kucha watu hupiga madebe, huchochea moto na kuitana kutoka shamba hadi shamba. Hawamlindi mtu. Wanalinda mahindi, na adui wao ni nguruwe.

Nguruwe pori ni mnyama anayefanikiwa pale wenzake wanaposhindwa. Misitu ikikatwa na mawindo yakipungua, nyati huondoka, swala huadimika, lakini yeye hubaki, kwa sababu shamba ni malisho yake na kichaka kidogo tu chamtosha kujificha mchana. Isitoshe, sehemu kubwa ya watu wa kusini ni Waislamu, nyama yake hawaitaki, na asiyeliwa hawindwi kwa hamu. Simba aliyenyimwa nyati humfuata nguruwe. Nguruwe naye hufuata mahindi. Na katikati ya mahindi amelala mtu nyuma ya ukuta wa mabua.

Wanasayansi waliufikia mnyororo huo kwa njia ndefu. Mwaka 2005 jarida la Nature lilichapisha makala fupi ya Craig Packer wa Chuo Kikuu cha Minnesota, akishirikiana na Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir. Walionyesha kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563 na kujeruhi wengine wasiopungua 308. Usiitafute hesabu hiyo Serengeti, ambako watalii huwapiga simba picha. Mashambulizi mengi yalitokea kusini, na kilele chake kilikuwa msimu wa mavuno, kati ya Machi na Mei. Na kisababishi kikubwa walichokitaja ni yuleyule anayetajwa na mzee wa Chunyu: nguruwe pori.

Miaka mitano baadaye Kushnir na wenzake walichapisha utafiti wa pili, na huu ndio ninaoupenda zaidi, kwa sababu ulifanywa kwa kuuliza. Walizungumza na watu wa Rufiji na Lindi, katika vijiji vilivyoshambuliwa na visivyoshambuliwa, wakalinganisha maisha ya wakazi wa aina hizo mbili za vijiji. Watu wa vijiji vilivyoshambuliwa walikuwa na mali chache zaidi. Nyumba na vibanda vyao vilikuwa dhaifu zaidi. Walitembea mbali zaidi kufuata mahitaji, waliona nguruwe mara nyingi zaidi, na walilala nje siku nyingi zaidi. Ukiipitia orodha hiyo polepole utaona ni orodha ya umaskini. Simba hachagui maskini. Maskini ndiye asiye na ukuta.

Linganisha maelezo hayo na yale yaliyopendwa na magazeti. Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba mmoja wa Rufiji, ambaye watu walimpa jina la Osama, alihesabiwa kuua watu 35. Alipouawa alikutwa na jipu chini ya jino. Basi ikawa hadithi tamu: simba mwenye jino bovu hawezi kukamata nyati, kwa hiyo anakula watu. Huenda ni kweli kwa simba huyo. Lakini jino moja bovu haliwezi kueleza vifo 563 katika mkoa baada ya mkoa, mwaka baada ya mwaka, vyote vikiongezeka mahindi yanapokomaa. Nguruwe anaeleza.

Utafiti wa tatu, wa mwaka 2011, ulihusu mwezi. Packer, Kushnir, Ikanda na mwenzao Alexandra Swanson walichambua karibu mashambulizi 500 yaliyotokea Tanzania kati ya 1988 na 2009, wakakuta kwamba hatari hupanda katika siku kumi zinazofuata mwezi mpevu. Sababu yake ni rahisi kwa yeyote aliyewahi kulala shambani. Mwezi ukiwa mpevu, mbalamwezi huanza magharibi na kudumu usiku kucha, na simba hupata shida kunyatia. Siku zinazofuata mwezi huchelewa kuchomoza, kila siku zaidi ya jana, na kati ya magharibi na mwezi kutoka kuna giza. Simba ameshinda na njaa siku kadhaa, na binadamu bado yuko nje: anapika, anatoka kisimani, anatembelea dungu la jirani. Mashambulizi mengi yalitokea kabla ya saa nne usiku.

Hapa kila upande ulikuwa na kipande chake. Mkulima aliujua mwezi, aliijua njia ya nguruwe, alijua ni saa ngapi shamba hunyamaza ghafla. Hakuwa na mashambulizi 500 mezani pake, kwa sababu hakuna kijiji kimoja kilichopata kuyaona. Mtafiti alikuwa nayo, ila bila mkulima asingejua alinganishe nini na nini.

Kisa cha kuuliza hiki na kujibiwa kile kina ndugu yake mbali sana na Lindi. Katikati ya miaka ya 1990 mtafiti Henry Huntington alikuwa Alaska, akikusanya maarifa ya wawindaji wa pwani kuhusu nyangumi weupe wanaopita katika bahari ya barafu. Wazee walizungumza juu ya nyangumi, kisha wakahamia kwa biva, mnyama mgugunaji wa mitoni ambaye huangusha miti na kujenga mabwawa. Huntington alidhani mazungumzo yamepotea. Hayakuwa yamepotea. Biva wameongezeka, wakamweleza. Mabwawa yao yanaziba vijito ambavyo samaki hupanda kwenda kutaga mayai, na samaki hao ndio chakula cha nyangumi. Anayetaka kujua nyangumi watakuwa wapi miaka ijayo aanze na biva walioko bara.

Na huko huko Alaska kuna kesi ambayo ningependa isomwe katika kila chuo cha wanyamapori Afrika Mashariki. Mwaka 1977 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliamua kusimamisha uwindaji wa nyangumi mkubwa mweusi wa barafuni, ambaye Wainupiat, tawi la Wainuit la kaskazini mwa Alaska, wamemwinda vizazi na vizazi. Wanasayansi walikadiria kwamba waliobaki ni kati ya 600 na 2,000. Walikuwa wakihesabu kwa macho, wakisimama ukingoni mwa barafu karibu na mji ulioitwa Barrow wakati huo na kuangalia mkondo wa maji yaliyo wazi. Mkondo ukifungwa na barafu, hesabu ilisimama, kwa imani kwamba nyangumi nao wamesimama.

Wawindaji walisema hapana. Nyangumi huyo hupita chini ya barafu. Huivunja kwa kichwa chake apate pumzi, na wengine hupita mbali sana na ukingo, ambako hakuna jicho linaloweza kuwaona. Waliunda tume yao wenyewe mwaka huohuo, wakaingia katika mabishano na serikali yao. Thomas Albert, mwanasayansi aliyekuwa akifanya kazi na mamlaka ya wilaya yao, alimsikiliza mwindaji mzoefu Harry Brower kwa muda mrefu mpaka akasadiki. Kisha yeye na wenzake wakatafuta njia ya kupima lile walilosikia. Walishusha vinasa sauti chini ya maji, na wakawasikia nyangumi wakipita saa ambazo walinzi wa ukingoni walikuwa wakiandika sifuri. Hesabu ya mwaka 1993 ilikuwa karibu 8,000. Ile ya 2001 ilivuka 10,000, na ya 2011 ilikaribia 17,000. Sehemu ya ongezeko hilo ni uzazi wa kweli. Lakini kosa la 1977 lilikuwa la kusimama mahali pamoja na kuamini kwamba usichokiona hakipo.

Leo barafu ya kaskazini inayeyuka mapema na kurudi kwa kuchelewa. Katika maji ya Nunavut, Kanada, nyangumi wauaji wanaonekana katika ghuba ambazo zamani barafu iliwafungia nje, na watafiti waliotaka kujua wanakula nini na wanawindaje walilazimika kwenda kwa wawindaji wa Kiinuit, kwa sababu hakuna meli ya utafiti inayokaa huko mwaka mzima. Mtu anayeishi na mnyama huona siku ambayo mambo yanabadilika. Mgeni huona wastani.

Tukirudi kusini mwa Tanzania, Nachingwea inaijua gharama ya kutouliza. Mwaka 1946 ujumbe wa Uingereza ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Tanganyika kwa muda wa wiki tisa, sehemu kubwa angani, ukarudi London na mpango wa kulima karanga kwa matrekta katika nyika za Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ilianza 1947. Zilijengwa reli na bandari, Mtwara ikapata gati lake, na vifaru vya vita vikageuzwa kuwa mashine za kung'olea miti. Mnamo Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuachana na mpango huo baada ya kutumia takribani pauni milioni 36. Wagogo wa Kongwa wangeweza kuueleza ujumbe ule, bila malipo, kwamba mvua yao haiaminiki. Nachingwea ilikuwa na mvua nzuri zaidi, na watu wake walilima karanga na njugu tangu zamani, ila kwa vipande, wakichanganya na mazao mengine, kwa sababu wanajua shamba kubwa la zao moja ni karamu ya wadudu, ndege na nguruwe. Hakuna aliyewauliza. Moja ya mashamba yaliyobaki lilikuja kuwa kambi ya mafunzo ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, na pengine hayo ndiyo mavuno bora kuliko yote yaliyowahi kutoka katika mradi ule.

Tukumbuke pia kwamba pori la kusini lina historia ya watu. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na njaa iliyofuata Wajerumani walipochoma vyakula, viliacha sehemu kubwa ya nchi ya Wangindo, Wamatumbi na Wamwera bila wakazi. Mwanahistoria John Iliffe ameandika kwamba baada ya hapo pori lilisonga mbele, na wanyama na mbung'o wakalifuata. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa Liwale kwa hoja ya malale, na ardhi yao ikaingizwa katika Pori la Akiba la Selous. Miaka ya 1970 ikaja operesheni ya vijiji, watu wakahama tena. Kwa hiyo ukiingia porini leo utakuta mahame: miembe iliyopangwa mstari, vipande vya vyungu, kaburi. Tembo huyafahamu mahame hayo, maana embe lililoiva ni embe hata kama aliyelipanda hayupo. Mzee anayekumbuka kijiji cha babu yake kilikuwa wapi anakumbuka, bila kujua, sehemu ya ramani ya tembo.

Na tembo ndiye anayewanyima watu usingizi sasa. Mwaka 1976 Selous ilikadiriwa kuwa na tembo 109,000. Ujangili uliwamaliza mara mbili, kwanza katika miaka ya 1980, kisha tena baada ya 2009, na sensa ya 2013 ilikuta 13,084 tu. Mwaka uliofuata UNESCO iliiweka Selous katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Baadaye ulinzi ukakazwa, sehemu kubwa ya pori ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, na bunduki zikapungua. Miaka hii tembo wameanza kuonekana Liwale, Nachingwea, Tunduru na Ruangwa katika mashamba ambayo kizazi kizima kilikua bila kuwaona.

Jambo hili halijapewa uzito wake. Kijana wa miaka 25 aliyelima shamba lake la kwanza wakati tembo wamekwisha alichagua mahali pazuri: karibu na maji, udongo mweusi, bondeni. Alichagua bila kujua kwamba amejenga dungu juu ya njia. Bibi yake alijua. Bibi hakuulizwa, maana wakati ule habari za tembo zilikuwa ngano za kale. Ujangili uliondoa tembo, na pamoja nao ukaondoa haja ya kurithishana maarifa ya kuishi nao. Tembo wamerudi na kumbukumbu zao. Sisi tumebaki bila za kwetu.

Sayansi imefanya kazi hapa, na ni kazi nzuri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Donald Mpanduji wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pamoja na Heribert Hofer wa Berlin na wenzao, waliwavisha tembo kola za kufuatiliwa kwa setilaiti katika ushoroba wa Selous na Niassa, wakathibitisha kwamba wanyama hutembea kati ya Tanzania na Msumbiji na kuvuka mto Ruvuma. Ushoroba una matawi mawili. La magharibi hupita Namtumbo na Tunduru. La mashariki hupita Liwale na Nachingwea kuelekea mapori ya akiba ya Msanjesi na Lukwika-Lumesule. Mwaka 2010 Wahida Ntongani, Pantaleo Munishi na Boniface Mbilinyi walichapisha utafiti kuhusu tawi hili la mashariki upande wa Nachingwea. Walilinganisha picha za setilaiti za miaka tofauti na majibu ya wanakaya, wakaonyesha mashamba yakiula msitu ambao wanyama wanauhitaji kupita.

Kola humwonyesha tembo mmoja kila mahali. Mkulima huwaona tembo wote mahali pamoja. Kola itasema tembo alikaa saa sita ndani ya kata fulani. Haitasema kama tembo wengine waliopita, wasio na kola, ni madume au ni mama na watoto, na tofauti hiyo ni kubwa: tafiti nyingi barani zinaonyesha kuwa wavamizi wakubwa wa mashamba ni madume. Mwenye shamba anaisoma tofauti hiyo asubuhi katika nyayo. Anajua waliingia upande gani na kutokea upi. Katika kinyesi anaona walikula shamba la nani kabla ya lake. Anajua kisima kipi kilikauka wiki ile. Na akiulizwa kwa nini tembo wamebadili njia, mara nyingi jibu lake litaanza mbali na tembo.

Kusini, mara nyingi litaanza na ng'ombe. Mwaka 2006 serikali iliwaondoa wafugaji katika bonde la Usangu, na wengi wakaelekezwa mikoa ya kusini, Lindi ikiwemo. Nchi ambayo kwa sababu ya mbung'o haikuwa na mifugo mingi ikapokea makundi makubwa, na mvutano kati ya wakulima na wafugaji ukaanza kwenye mito na mabonde. Wakulima husema ng'ombe wakishika maji ya bondeni, tembo husogea vijijini. Ni dai linaloweza kupimwa: tarehe ambazo mifugo ilifika mtoni zinajulikana kijijini, tarehe za uvamizi zinajulikana, ramani ipo. Linaweza kuwa kweli, au likawa kweli nusu, au likawa chuki ya wakulima iliyovaa koti la ikolojia. Hayo yote matatu nayaona yawezekana, na ndiyo maana nataka lipimwe.

Maana maarifa ya wenyeji si msahafu. Mwenye kuyapenda sana huyaharibu kama anayeyadharau. Kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji watu wengi huamini kuna simba wa porini na simba wa kutumwa, aliyetengenezwa au kuagizwa na mchawi amuue mtu fulani. Kati ya 2002 na 2003, katika wilaya ya Muidumbe, ng'ambo ya Ruvuma, simba waliua watu mfululizo. Majirani wakaanza kuwatafuta wenye simba, na watu waliotuhumiwa kwa uchawi wakauawa na umati. Mtafiti Paolo Israel ameandika habari zake kwa kina. Hakuna namna ya kuipamba habari hiyo.

Hata hivyo, angalia imani hiyo inasimama juu ya nini. Watu wanasema simba huyu si wa kawaida: haogopi kelele, anachagua nyumba, anarudi. Uchunguzi huo ni sahihi. Simba aliyezoea kuishi kando ya mashamba na kufuata nguruwe usiku ana tabia tofauti na yule wa mbugani, na watu waliiona tofauti hiyo mapema kuliko kitabu chochote. Waliloshindwa ni sababu. Mtafiti anayeitupa hadithi nzima kwa kuwa ina uchawi ndani yake anaitupa na tabia iliyoonekana vizuri. Na kuna hasara nyingine ya papo hapo: anayeamini simba ametumwa haoni haja ya kuimarisha kibanda, kwani ukuta utakizuiaje kilichotumwa?

Tukirudi upande wa Tanzania, pwani ya mkoa wa Lindi kuna mfano mtulivu zaidi. Nguva ni adimu kiasi kwamba ndege ya utafiti inaweza kuruka siku nzima isimwone hata mmoja. Catharine Muir na wenzake walipotaka kujua kama bado yupo Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 2000, walikwenda kwa wavuvi, kijiji kwa kijiji, wakauliza: umemwona lini mara ya mwisho, wapi, alinaswa katika wavu wa aina gani? Majibu yalielekeza kwenye eneo la delta ya Rufiji, Mafia na Kilwa kama kimbilio lake kuu lililobaki. Wavuvi walikuwa na habari hizo miaka yote. Zilikosa mtu wa kuziandika.

Kuandika ndiko tulikoshindwa kwa upande wa tembo, ingawa karatasi tunazo. Tangu kanuni za mwaka 2011, mkulima aliyeharibiwa mazao na wanyama wakali anaweza kudai kifuta jasho, na familia iliyopatwa na kifo au majeraha hudai kifuta machozi. Malipo ya mazao hukokotolewa kwa ekari na kwa umbali kutoka mpaka wa hifadhi. Watu hulalamika kwamba fedha ni kidogo na huchelewa, na wana haki. Mimi nina lalamiko la ziada. Kila dai ni ripoti ya mahali tembo alipokuwa usiku fulani, imetolewa na shahidi aliyesimama hatua chache kutoka alipopita, na imekaguliwa na ofisa. Tukiigeuza kuwa ekari na shilingi peke yake tunabaki na hesabu ya hasara, huku habari ya mwendo wa mnyama ikipotea. Kisha, vijiji vikizidiwa, tunaagiza helikopta iwafukuze tembo, tukijua kidogo sana walitoka wapi na watarudi kwa njia ipi.

Marekebisho yake hayahitaji mfadhili. Fomu iongezewe mistari michache: waliingia upande gani, walitokea upande gani, walikuwa wangapi, kulikuwa na watoto, mwezi ulikuwaje, zao lilikuwa katika hatua gani, maji ya karibu yako wapi na nani anayatumia. Na uachwe mstari mmoja mtupu kwa ajili ya lile ambalo mwenye shamba anaona linahusika hata kama ofisa haoni. Nguruwe wangeingia kwenye mstari huo. Biva pia.

Serikali ikichelewa, vijiji visisubiri. Ewe mwalimu wa shule ya msingi Chunyu, mtendaji wa kijiji Nachingwea, askari wa wanyamapori wa kijiji unayesoma sura hii: nunua daftari la kurasa 200, lipige mistari, na uanze na msimu huu. Kabla ya kuandika habari za usiku wa jana, nenda kwa wazee wa kijiji na uwaombe wakuonyeshe kwa kidole tembo walipita wapi kabla hujazaliwa. Hizo ziwe kurasa za kwanza.